Mtoto haoni ubao lakini si kipofu: tuongee juu ya darubini ndogo ya shule

BUNIA – Katika kambi za wahami wa vita hapa Ituri, mwenye kuandikisha majina akifika na daftari yake, upande wa macho mara nyingi anauliza jambo moja tu: huyu ni kipofu au si kipofu? Akijibiwa kwamba si kipofu, anapiga mstari na kwenda kwenye hema linalofuata. Kati ya majibu hayo mawili kuna watoto ambao hawahesabiwi popote. Wanaijua njia ya kwenda kuchota maji, wanamtambua mama akija kwa mwendo wake, hata mpira wanacheza wakiufuata kwa sauti na kivuli. Ila ukiwaweka darasani, ubao kwao ni kitu cheusi chenye vumbi la chaki, basi.

Wengine wana ualbino. Wengine waliugua macho wakiwa wadogo, wakapona na kovu. Wengine walizaliwa hivyo na hakuna aliyewaambia wazazi sababu. Walio na bahati walipimwa na kupewa miwani, zile lineti tunazozijua, na miwani ikasaidia kidogo, kisha ikagota hapo. Mwalimu anasema mtoto ni mvivu. Jirani anasema mtoto amelogwa. Na mzazi, aliyekimbia Djugu bila hata sufuria, anabaki na maneno hayo mawili ya kuchagua.

Waganga wa macho wana jina kwa hali hii: uoni hafifu. Kwa kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikitumia kwa miaka mingi, ni mtu ambaye jicho lake lililo bora, hata akivaa miwani inayomfaa, linaona chini ya 6/18 lakini halijashuka chini ya 3/60. Namba hizo si ngumu. Ya juu ni mita ulizosimama mbali na karatasi ya herufi. Ya chini ni mita ambazo mtu mwenye macho mazima angesimama na bado akaisoma herufi ile ile. Kwa hiyo mtoto wa 6/60 anahitaji kuwa mita 6 ili aone kile ambacho mwenzake anakiona akiwa mita 60. Huyo si kipofu, na pia hajifanyi.

Mimi nina maoni yangu juu ya watoto hao, na leo nayaandika wazi. Kuna kifaa kidogo, kirefu kama kidole, kinachoweza kuwarudishia ubao: darubini ya mkononi ya jicho moja. Ninaona kwamba kwa mtoto anayeihitaji, darubini hiyo ihesabiwe kuwa kifaa cha shule sawa na daftari na kalamu, na iingie kwenye orodha za misaada. Lakini naona vilevile kwamba kuigawa kama vile tunavyogawa sabuni ni kutupa pesa, na hapa kwetu inaweza hata kumletea mtoto hatari. Nitaeleza yote mawili.

Kwanza, kabla ya kioo chochote, tusogeze benchi. Hii ni hesabu ya bure na sijui kwa nini haifanyiwi kazi. Mtoto akiwa mita 6 kutoka ubaoni, kisha ukamleta mita 3, herufi inakuwa kubwa mara 2 ndani ya jicho lake. Ukimleta mita moja na nusu, inakuwa kubwa mara 4. Darubini ya kukuza mara 4 inafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba ukisogea hupotezi kitu: ubao wote unaendelea kuuona, mwanga haupungui, mkono hautetemeki. Mwalimu anayemwambia mtoto wa ualbino akae nyuma ili asiwazibe wengine amemnyang'anya darubini ambayo Mungu alimpa bure.

Lakini twende kwenye madarasa yetu yalivyo. Elimu ya msingi ni bure katika shule za serikali tangu mwaka wa shule 2019-2020, na ni jambo zuri, ila tunajua madarasa yalivyojaa. Ongeza watoto wa wahami juu ya watoto wa mtaa, unapata benchi la watu watatu lililobeba watano, na wengine chini kwenye mawe. Mtoto akisimama ubaoni ili asome, anawazibia themanini walio nyuma yake. Atafanya hivyo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu atachoka kuzomewa, atakaa chini na kunyamaza. Hapo ndipo darubini inapopata kazi: pale ambapo miguu haiwezi kumfikisha mtoto.

Sasa darubini yenyewe ni kitu gani? Ni bomba lenye lenzi mbili. Lenzi ya mbele inapokea mwanga kutoka ubaoni, lenzi ya nyuma inaupeleka jichoni. Ukubwa wa picha unatokana na nguvu za lenzi hizo mbili: ukigawanya umbali ambao lenzi ya mbele inakusanyia mwanga kwa ule wa lenzi ya jichoni, unapata mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya mbele ikikusanya kwenye senti 8 na ya jichoni kwenye senti 2, umepata mara 4. Hakuna uchawi ndani, wala betri.

Kuna aina mbili, na kuzijua ni muhimu kwa anayetaka kununua au kupokea. Ya kwanza inaitwa kwa jina la Galileo wa Italia, aliyeielekeza mbinguni mwaka 1609, mwaka mmoja baada ya darubini kujulikana kule Uholanzi. Mbele ina lenzi iliyovimba katikati, jichoni ina lenzi iliyobonyea katikati. Ni fupi, ni nyepesi, na picha inasimama wima bila kuongezewa kitu. Ubaya wake ni kwamba unaona sehemu ndogo tu, na kingo za picha zinafifia, kama unachungulia kupitia tundu la mlango. Ukitaka ikuze sana, tundu linazidi kuwa dogo. Kwa sababu hiyo hutumika zaidi kwa kukuza kidogo, mara 2 au 3 hivi, na nyingine hufungwa kwenye fremu ya miwani.

Ya pili ni ya Kepler, Mjerumani, aliyeieleza kwenye kitabu mwaka 1611. Lenzi zake zote mbili zimevimba. Hiyo inaweza kukuza zaidi na kingo zake ni safi, lakini picha inatoka kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana ndani huwekwa prizimu, vipande vya kioo vinavyoigeuza picha ikasimama vizuri. Prizimu zinaongeza uzito na bei. Darubini nyingi ndogo wanazopewa wanafunzi wenye uoni hafifu katika nchi zingine ni za aina hii.

Kwenye bomba utakuta namba, kwa mfano 4x12 au 8x20. Watu wengi wanakimbilia ile kubwa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Kwa 4x12 unapata 3, kwa 8x20 unapata 2 na nusu. Hizo ni milimita za duara dogo la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Unaweza kuliona kwa macho yako: shika darubini mbali na uso, ielekeze kwenye anga jeupe, kamwe isiwe jua, na utaona tone la mwanga kwenye kioo cha nyuma.

Tone hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Ndani ya darasa la turubai, siku ya mawingu, mboni ya mtoto inaweza kufunguka mpaka milimita 5. Darubini inampa duara la milimita 3. Mwanga unaoingia unakuwa kama theluthi moja tu ya ule ambao jicho lingeweza kupokea. Ubao umekuwa mkubwa, lakini umekuwa giza. Mtoto atasema haoni, na mgawaji wa misaada ataandika kwamba kifaa hakifai, wakati dawa ilikuwa kufungua upande mmoja wa turubai ili mwanga uangukie ubao. Nasema uangukie ubao, sio uso wa mtoto. Mwenye ualbino mwanga wa usoni unamuumiza. Aketi kivulini, avae kofia yenye ukingo hata darasani, na mwalimu asimwambie aivue kwa ajili ya heshima.

Jambo la pili ni upana. Darubini ya kukuza mara 4 inaweza kukuonyesha nyuzi 12 hivi za mbele yako. Ukiwa mita 3 kutoka ubaoni, hizo ni senti 60 tu za ubao. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Kwa hiyo mtoto hasomi ubao, anausaka: anaanza kona ya juu kushoto, anatembea na mstari mpaka mwisho, anarudi, anashuka mstari mmoja. Wakati huo mwalimu ameshafuta. Na kila kitu kinachosogea, ndani ya bomba kinakimbia mara 4, pamoja na mtetemo wa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana viwiko viwe vimeegemea benchi au magoti. Ndiyo maana pia hakuna mtu anayetembea akiwa ameweka darubini jichoni. Ataona ardhi inaruka na ataanguka. Darubini ni kitu cha kukaa, kuchungulia, na kushusha. Hata Marekani, ambako majimbo mengi yanawaruhusu baadhi ya watu wenye uoni hafifu kuendesha gari wakiwa na kidarubini kilichopachikwa juu ya kioo cha miwani, dereva anatazama barabara kwa kioo cha kawaida na anainua jicho kwenye kidarubini kwa nukta chache tu, ili asome kibao.

Kubwa mara 8 basi, kwa hesabu hiyo hiyo, ni mtetemo mara 8, upana mdogo zaidi, na giza zaidi. Kwa mtoto anayeanza ni mateso. Mama mmoja kambini aliniuliza kama anunue jumeli kuukuu aliyoiona sokoni, zile darubini za macho mawili. Nilimjibu hivi: zile nyingi zinakuza mara 7 au zaidi, ni nzito kwa mkono wa mtoto wa miaka minane, na nyingi haziwezi kuonyesha vizuri kitu kilicho karibu kama ubao. Asubiri mtoto apimwe.

Hilo la ukaribu nataka nilikalie kidogo, kwa kuwa ndilo linalowashinda hata wenye elimu. Darubini ya kawaida imepangwa kwa vitu vya mbali, mlima au ndege angani. Ubao uko karibu. Mwanga unaotoka kwenye ubao ulio mita 4 unafika ukiwa umetawanyika kidogo, robo ya diopta kwa kipimo cha lenzi. Jicho tupu la mtoto linalimudu hilo bila hata kujua. Lakini ukipita kwenye darubini ya mara 4, mtawanyiko huo hauzidishwi kwa 4. Unazidishwa takriban kwa 4 mara 4, yaani 16. Robo inakuwa diopta 4. Jicho sasa linafanya kazi sawa na kusoma kitabu kilichowekwa senti 25 kutoka usoni. Msogeze mtoto mpaka mita 2 bila kugusa kitu kwenye darubini, inakuwa diopta 8, kama kitabu kwenye senti 12 hivi. Macho yanauma, kichwa kinauma, ukungu unaingia, na darubini inarudi mfukoni isitoke tena.

Dawa ni pete iliyo kwenye bomba. Ukiizungusha, bomba linarefuka au kufupika. Kwa kitu cha karibu linarefushwa, mpaka herufi zinyooke. Mtoto mwenye macho yasiyoona mbali anaweza kulifupisha kidogo na kuacha miwani yake kando, na yule wa kinyume chake analirefusha. Ila kama miwani yake ni ya kusawazisha jicho ambalo halina umbo la duara sawa, pete haiwezi kazi hiyo. Abaki na miwani, akunje raba ya nyuma ya darubini ili kioo kikaribie jicho. Jicho likiwa mbali na kioo, ule upana mdogo unazidi kupungua. Mambo haya yanafundishwa kwa masaa machache, yakirudiwa kwa wiki kadhaa. Lakini lazima awepo wa kuyafundisha.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba shirika fulani limeleta katoni ya darubini na kuzigawa siku moja uwanjani, picha zikapigwa, gari likaondoka. Tumeyaona hayo kwa vitu vingine. Familia iliyopewa kitu isichojua kukitumia, na watoto hawajala, itakiuza, nami siwezi kuwalaumu. Bora watoto kumi waliopimwa na kufundishwa kuliko mia waliopigwa picha.

Kupimwa pia kunatenganisha walio wa darubini na wasio wa darubini. Mwenye mtoto wa jicho anahitaji operesheni, na akifanyiwa mapema anaweza kuona vizuri. Aliyekosa miwani tu apewe miwani. Na kuna wale ambao ugonjwa umewala pembeni: glakoma iliyochelewa, au upofu wa mto, ugonjwa wa inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi, ambao hapa Ituri tunao. Wengine kati ya hao wamebakiwa na kidirisha kidogo cha kuonea katikati. Ukimpa mtu huyo darubini, umekuza picha mpaka imetoka nje ya kidirisha chake. Ajabu ni kwamba baadhi yao husaidiwa kwa kugeuza darubini na kuchungulia upande wa mbele: kila kitu kinakuwa kidogo, lakini mlango, kiti na watu vinaingia vyote ndani ya kidirisha. Hiyo inahitaji jicho ambalo katikati yake bado ni kali.

Darubini inafaa zaidi kwa yule ambaye katikati ya jicho hakujakomaa au kumeharibika, lakini pembeni pako sawa. Watoto wengi wa ualbino ni hao. Sehemu ile ndogo ya retina inayosoma herufi haikukua vizuri, na macho yao yanachezacheza yenyewe. Miwani inasafisha picha, ila haiwezi kuikuza. Mtoto wa 6/60 akipewa darubini ya mara 4 na akajua kuitumia, anaweza kufika karibu na 6/15. Kwa mita: herufi ambayo alitakiwa kuandikiwa kwa urefu wa senti 9 ili aitambue akiwa mita 6, sasa ataitambua ikiwa na senti 2 na kidogo. Ili asome bila kubahatisha aongezewe mara mbili ya hapo. Mwalimu akiandika herufi za senti 5 kwa chaki nyeupe kwenye ubao uliopakwa rangi nyeusi upya, mtoto huyo anasoma. Ubao uliopauka, wenye chaki ya jana chini ya chaki ya leo, hauna darubini inayouweza.

Kuna wataoniambia: siku hizi kuna simu, piga picha ya ubao kisha ikuze kwa vidole. Ni kweli, na palipo na simu na umeme ifanyike. Mwanafunzi wa chuo mjini aifanye. Ila kambini simu ni moja kwa familia, baba ametoka nayo, na kuichaji ni kulipa. Bomba lenye lenzi mbili halilali njaa ya umeme.

Nafika kwenye jambo ambalo vitabu vya macho havilitaji, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya njia zetu. Hapa kwetu darubini ni kitu cha vita. Mtu mzima akikutwa na jumeli kwenye barieri, maswali yanaanza, na wote tunajua yanaweza kuishia wapi. Mtoto wa miaka 12 anayeinua kibomba cheusi jichoni kando ya njia, karibu na watu wenye silaha wa upande wowote, anaweza kudhaniwa analenga, au anatumwa kupeleleza. Anayeleta darubini Djugu au Irumu bila kufikiria hilo hajafikiria sawasawa.

Wengine wanashauri ibaki shuleni, kwenye sanduku la mwalimu. Nimelipima wazo hilo na silikubali. Shule zetu zinachomwa, zinaibiwa, zinalaliwa na waliokimbia. Watu wakiondoka usiku, hakuna atakayerudi kwenye sanduku la mwalimu. Darubini ni ya mtoto na ikae na mtoto, ila kwa masharti. Ifungwe utepe wa rangi ya njano au nyeupe kuzunguka bomba, isionekane kama kitu cha jeshi. Iwe na barua yenye picha ya mtoto, muhuri wa shule na wa kituo cha afya, inayosema kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba hiki ni kifaa cha macho. Njiani ikae kwenye mfuko wa mama pamoja na barua hiyo, si shingoni mwa mtoto. Isiinuliwe jichoni nje ya darasa, kanisa au nyumba. Na wakubwa wa usalama waarifiwe kabla ya kugawa, kwa mdomo na kwa maandishi, sio baada ya mtoto kukamatwa.

Viongozi wana mahali pa kuanzia. Nchi yetu ina sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Sheria ipo; sijaona bado ikifika kwenye daftari ya anayeandikisha hemani. Na hapo hatuhitaji kubuni kitu. Wanatakwimu wa kundi linaloitwa Washington Group, lililoanzishwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, walishaandaa swali la kuuliza: je, una shida ya kuona, hata ukivaa miwani? Majibu ni manne: hapana, ndiyo, kidogo, ndiyo, sana, siwezi kuona kabisa. Anayejibu "sana" ndiye mtoto wetu. Nawaomba mashirika yanayoandikisha wahami hapa Bunia, na wakuu wa kambi wanaowasindikiza, waache lile swali la kipofu au si kipofu na watumie hilo. Halimalizi hata dakika moja.

Kwa walimu nina ombi dogo pia. Siku mtoto atakapoingia na darubini darasani, darasa zima litamgeukia, na wa kwanza kucheka atapata wenzake. Wapange mstari, kila mmoja achungulie mara moja. Wataona ubao umewarukia, watashangaa, wataulizana ni nani anayeweza kusoma mstari mzima bila kupotea. Wengi watashindwa. Baada ya hapo mwenye darubini ataonekana fundi.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake tayari anayo, kuna mmoja aliyepiga simu kwenye kipindi akiuliza namna ya kuisafisha. Mama, vumbi la Bunia ni mchanga mwembamba. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unakwaruza kioo. Lipulize kwanza, kisha futa taratibu kwa pamba safi au kitambaa laini chenye maji kidogo, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Usiitumbukize kwenye maji, na usiifungue kwa ndani hata kama unaona ukungu, maana prizimu zikisogea haitarudi sawa. Usiku iweke ndani ya soksi nzito, na uning'inize soksi hiyo juu, mbali na mvua inayoingia chini ya hema.